Anayelipwa Kuvunja: Historia ya Kazi ya Kujaribu Programu

Kuna tangazo moja la kazi ambalo ukimaliza masomo ya kompyuta lazima utakutana nalo. Kampuni inatafuta mtu anayejua kuandika programu, mwenye uzoefu wa lugha mbili tatu za kompyuta, na kazi yake itakuwa majaribio otomatiki. Wengi wakifika kwenye neno "majaribio" wanapitiliza. Wanaona ni kazi ya daraja la pili: wenzako wanajenga, wewe unakagua. Wengine wanaiomba shingo upande, wakijiambia ni mlango wa kuingilia tu, baadaye watahamia kwenye "kazi yenyewe".

Dharau hiyo haikuanza leo, wala si ya Dar es Salaam na Nairobi peke yake. Ina umri unaokaribia wa kompyuta zenyewe, na imeshagharimu pesa nyingi na hata maisha ya watu. Ndiyo maana leo tunapitia historia ya kazi hii. Jambo la kushika ni hili: anayeajiri mtu wa majaribio otomatiki ananunua vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mikono ya kuandika jaribio. Cha pili ni kichwa cha kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mashine imechukua sehemu kubwa ya kazi ya mikono. Ya kichwa, tutaona.

Jaribio ni kitu gani hasa?

Chukua programu ya kutuma pesa kwa simu. Una salio la shilingi 10,000, unatuma 4,000, na ada ni shilingi 100. Salio linapaswa kubaki 5,900. Jaribio otomatiki ni programu ndogo inayofungua akaunti ya mfano, inatuma hizo 4,000, kisha inatazama salio. Ikikuta 5,900 inawasha kijani. Ikikuta kitu kingine chochote inawasha nyekundu. Mfumo mkubwa unaweza kuwa na maelfu ya majaribio ya namna hii, na kila mtu akigusa mstari mmoja wa msimbo, yote yanarudiwa upya. Binadamu akiambiwa arudie kazi hiyo mara 10 kwa siku, ataacha kazi kabla ya Ijumaa.

Sasa jiulize: ni nani aliyeamua kwamba tutume 4,000? Vipi mteja akituma 10,000 zote wakati ada haina pa kutoka? Vipi akiandika 0? Akijitumia mwenyewe? Mtandao ukikatika katikati, naye kwa wasiwasi akabonyeza tena, pesa zitaenda mara mbili? Mashine haitauliza hata swali moja kati ya haya mpaka mtu ailishe. Italirudia swali uliloipa usiku na mchana bila kuchoka, hata kama swali lenyewe halina maana.

Nondo wa Harvard

Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenasa kwenye swichi. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba hii ni mara ya kwanza mdudu halisi anapatikana. Utani ulikuwa kwenye hilo neno "halisi", maana mafundi wa umeme walishazoea kuita hitilafu "mdudu" tangu enzi za Thomas Edison. Grace Hopper, aliyekuwa kwenye timu hiyo, alikisimulia kisa hiki mara nyingi mpaka watu wakaamini kwamba yeye ndiye aliyemkamata nondo.

Mdudu wa aina hiyo ni mwepesi: unamtoa kwa koleo, kazi inaendelea. Tabu ni yule anayeishi ndani ya fikra za mwandishi. Huko Cambridge, Uingereza, kompyuta ya EDSAC ilianza kazi Mei 1949. Kiongozi wake, Maurice Wilkes, alikuja kusimulia jinsi alivyotambua katika siku hizo kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingeishia kwenye kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Mwezi uliofuata, hapo hapo Cambridge, Alan Turing aliwasilisha andiko fupi kuhusu namna ya kukagua programu ndefu. Alishauri mwandishi aweke madai madogo madogo ndani ya kazi yake, kila dai liweze kuhakikiwa peke yake. Cha kuvutia ni kwamba Turing alimtaja mwandishi na mkaguzi kama watu wawili, na alitaka wa kwanza amrahisishie wa pili kazi.

Kwa miaka kadhaa ushauri huo haukuwa na mtu wa kuutekeleza. Aliyeandika ndiye aliyejaribu, na ndiye aliyerekebisha. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi. Ukiwa umeandika programu kwa kuamini kwamba watu hutuma pesa kwa namba za wenzao, hutakumbuka kujaribu namba ya mtumaji mwenyewe. Lile lile lililokufanya ukosee ndilo linalokuzuia kuliona kosa.

Mtoto kwenye maabara

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilianza mradi wa Mercury wa kupeleka watu angani, na IBM ikashika sehemu ya kompyuta. Gerald Weinberg, aliyekuwa meneja kwenye kazi hiyo, hutajwa kuwa ndiye aliyeunda mojawapo ya timu za kwanza kabisa za kujaribu programu zilizojitenga na timu ya waandishi. Na kwa taarifa yako, hao hawakuwa watu waliokosa kazi nyingine. Walikuwa waandishi wa programu waliopewa jukumu la kuivunja ya wenzao.

Muongo mmoja baadaye, kwenye mradi wa Apollo, Margaret Hamilton aliongoza uandishi wa programu za chombo cha anga katika maabara ya MIT. Wakati mwingine alikuwa akienda kazini na binti yake mdogo. Siku moja mtoto alichezea vitufe vya mashine ya mazoezi, akachagua programu ya maandalizi ya kabla ya kuruka wakati "safari" iko katikati. Mfumo ukaanguka. Hamilton aliomba kuongeza kinga dhidi ya kosa hilo. Akajibiwa kwamba wanaanga wamefundishwa vizuri, hawawezi kufanya jambo kama hilo.

Desemba 1968, Apollo 8 ikirudi kutoka mwezini, mwanaanga Jim Lovell alichagua kwa bahati mbaya programu ile ile. Data za kuongoza chombo zikafutika, ikabidi zirejeshwe kwa msaada wa watu wa ardhini. Walifika salama.

Ona kilichotokea hapo. Timu nzima ya wataalamu haikuwa imeliuliza swali la mtoto, kwa sababu wao walijua kitufe kile hakibonyezwi wakati ule. Mtoto hakujua. Kujaribu programu vizuri ni kurudia hali hiyo ya kutojua, kwa makusudi, huku ukiwa unajua. Si kazi nyepesi.

Pembetatu iliyowaumbua mafundi

Mwaka 1979 Glenford Myers alitoa kitabu kuhusu sanaa ya kujaribu programu, kilichogeuza maana ya kazi yenyewe. Kabla yake, wengi walijaribu ili kuthibitisha kwamba programu inafanya kazi. Myers akasema hapana, unajaribu kwa nia ya kukuta kosa. Jaribio lililofanikiwa ni lile lililogundua kasoro.

Alianza kwa zoezi ambalo unaweza kulifanya sasa hivi kwa kalamu na karatasi. Kuna programu inayopokea namba tatu nzima kama urefu wa pande za pembetatu. Inatakiwa iseme kama pande zote ni sawa, mbili ni sawa, au zote zinatofautiana. Andika orodha ya namba utakazoilisha ili kuijaribu.

Umeandika 3, 3, 3? Sawa. 3, 3, 4? Sawa, ila je, umebadilisha mpangilio, ukaweka 3, 4, 3 na 4, 3, 3? Umeweka sifuri? Namba hasi? Umekumbuka 1, 2, 3? Hiyo si pembetatu kabisa, ni mstari, kwa kuwa pande mbili fupi zikiunganishwa zinalingana na ile ndefu. Je, umeweka namba mbili badala ya tatu? Na kwa kila mfano, umeandika jibu unalolitegemea kabla ya kuijaribu programu?

Orodha ya Myers ilikuwa na maswali 14. Kwa uzoefu wake, waandishi wa programu waliobobea walipata wastani wa 7.8. Hao ni mafundi, si wanafunzi, na hiyo ni programu ya pembetatu, si ya benki.

Sekunde nane

Kama mpaka hapa unaona ni mchezo wa karatasi, twende Tyler, Texas, mwaka 1986. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Matoleo yaliyotangulia yalikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vya kuzuia mionzi kupita kiasi. Kwenye toleo hili baadhi ya vizuizi viliondolewa, usalama ukaachiwa programu. Programu yenyewe iliandikwa na mtu mmoja.

Machi 1986, mwendeshaji wa mashine hiyo katika kituo cha saratani aliandika herufi ya aina moja ya mionzi badala ya nyingine. Aligundua kosa, akarudi juu, akasahihisha haraka, akaendelea. Alikuwa mzoefu, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mashine ilihitaji kama sekunde nane kupanga sumaku zake, na ukisahihisha ndani ya muda huo, programu haikuona badiliko. Skrini ikaandika neno la hitilafu lenye namba 54 bila maelezo ya maana. Mgonjwa alikuwa amepigwa mionzi mara nyingi zaidi ya kiwango alichoandikiwa. Watengenezaji walikuja kukagua na hawakuona tatizo. Aprili ikatokea tena, hapo hapo. Wagonjwa wote wawili walifariki.

Aliyeifumbua siri hakuwa timu ya majaribio ya kampuni. Ni mwanafizikia wa kituo hicho pamoja na mwendeshaji mwenyewe, waliokaa mbele ya mashine wakirudia kuandika na kusahihisha, haraka na haraka zaidi, mpaka namba 54 ikatokea. Walipowaeleza watengenezaji, hata hao hawakuweza kuirudisha hitilafu mpaka walipoambiwa kwamba siri iko kwenye kasi. Kati ya 1985 na 1987 Therac-25 ilihusika na ajali sita za mionzi mikubwa Marekani na Kanada, na si chini ya watu watatu walikufa.

Yaani mtengenezaji alijaribu taratibu, kama mtu anayejifunza. Hakuna aliyeuliza: vipi akiwa mtu aliyeizoea?

Mashine yaanza kujaribu mashine

Miaka ya 1990 programu zilikuwa kubwa mno kwa majaribio ya mkono. Kampuni kama Mercury Interactive, iliyoanzishwa 1989, ziliuza zana za kurekodi: mtu anabofya mara moja, zana inakumbuka, kisha inarudia yenyewe. Wakubwa walipenda sana, maana ilionekana unaweza kununua boksi badala ya kuajiri mtu. Kumbe kitufe kikisogezwa kidogo tu, rekodi nzima inaweza kuvunjika na kazi inaanza upya.

Suluhisho likaja kutoka kwa waandishi wenyewe. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zürich kwenda Atlanta, waliandika toleo la kwanza la JUnit, zana ndogo ya kumwezesha mwandishi wa lugha ya Java kuandika majaribio kama msimbo wa kawaida. Mwaka 2004 Jason Huggins, akiwa kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, alianzisha Selenium, inayoendesha kivinjari cha intaneti kama vile kuna mtu amekishika. Jina lenyewe ni utani wa kikemia: seleniamu inasemwa kuwa dawa ya sumu ya zebaki, na zebaki kwa Kiingereza ndiyo hiyo Mercury, jina la mshindani.

Kuanzia hapo tangazo la kazi likabadilika. Haikutosha kubofya na kuandika ripoti. Jaribio lilikuwa programu, basi aliyeajiriwa ilibidi awe mwandishi wa programu. Majaribio nayo yana kasoro, yanahitaji mpangilio mzuri, yanazeeka, yanafagiliwa.

Cheo kinapanda, cheo kinashuka

Microsoft ilikipa kazi hiyo cheo rasmi, maarufu kwa kifupi cha SDET, yaani mhandisi wa kuandika programu aliyewekwa kwenye majaribio. Katika timu nyingi za kampuni hiyo, idadi ya wajaribu ilikaribia ile ya waandishi, mmoja kwa mmoja. Google nayo ikawa na cheo kinachofanana, na wahandisi wake wakafikia kubandika vipeperushi vya kufundisha majaribio kwenye kuta za vyoo, mahali ambapo msomaji hana pa kukimbilia.

Kisha upepo ukageuka. Julai 2014, wakati mkuu mpya wa Microsoft, Satya Nadella, alipotangaza kupunguza hadi nafasi 18,000, nyingi zikiwa za upande wa Nokia, mfumo wa timu tofauti za wajaribu nao ulikuwa ukivunjwa. Waandishi wangejaribu kazi zao wenyewe, wakisaidiwa na mashine na taarifa kutoka kwa watumiaji. Hoja yao ilikuwa na uzito: kuwa na mjaribu wa pembeni humfanya mwandishi atupe kazi mbovu ukutani akijua kuna wa kuidaka upande wa pili.

Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watu, hasa waliokuwa wamehamisha folda ya nyaraka zao kwenda mahali pengine. Cha kuumiza ni kwamba baadhi ya watumiaji wa majaribio walishatoa taarifa kabla. Taarifa zao zilimezwa na wingi wa nyingine. Swali liliulizwa na binadamu, ila hapakuwa na aliyelisikia.

Kipengele cha 21

Mfano wa mwisho huenda unaukumbuka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilikaa chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi.

Je, hawakuwa na majaribio otomatiki? Walikuwa nayo. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye. Faili lile jipya lilitarajia vipengele 21 vya taarifa, programu ikawa inaleta 20. Majaribio ya awali hayakulishika hilo kwa sababu kwenye kipengele cha 21 yaliwekwa alama inayokubali chochote. Kikaguzi otomatiki nacho kilikuwa na kasoro, kikalipitisha faili. Kijani kote, huku nyumba inaungua.

Hapo unaona kwa nini kuongeza idadi ya majaribio peke yake hakutoshi. Majaribio 1,000 yaliyotoka kwenye wazo moja ni jaribio moja lililorudiwa mara 1,000. Hata zana za akili bandia zinazoandika majaribio siku hizi, ukizilisha msimbo wenye kosa, zinaweza kukuandikia majaribio mazuri yanayothibitisha kosa lenyewe.

Basi aajiriwe nani?

Kama wewe ndiye unayeajiri, usiishie kumuuliza msailiwa majina ya zana. Zana hujifunzwa kwa wiki chache. Mpe pembetatu ya Myers, au skrini ya kutuma pesa, na dakika 10 za kimya. Hesabu maswali yake, halafu tazama ni mangapi ambayo timu yako haikuwahi kuyawaza. Pia mwangalie anavyoandika msimbo, maana jaribio bovu ni baya kuliko kukosa jaribio: linakupa usingizi usiostahili.

Kama wewe ndiye unayeomba, nawe uliza maswali mawili siku ya usaili. La kwanza: jaribio likiwaka nyekundu, kuna mwenye mamlaka ya kusimamisha toleo lisiende kwa wateja? La pili: naruhusiwa kukaa na watumiaji halisi, niwaone wanavyobonyeza? Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, ujue wanataka mikono tu, na mikono siku hizi ni rahisi.

Jibu likiwa ndiyo, usiipitilize kazi hiyo. Mfumo wa kutuma pesa ukikosea kwa mara moja kati ya milioni, kwenye makaratasi ya kampuni hilo ni tone. Kwa mama aliyetuma ada ya shule ikapotelea hewani, hilo ndilo lote. Mtu anayelipwa kuvunja ndiye anayepaswa kumfikiria huyo mama kabla hajabonyeza.

Halafu turudi kwenye pembetatu. Ulipata mangapi kati ya 14? Mwekee mwenzako zoezi hilo kabla hujamwonyesha majibu, mlinganishe. Mkikuta amewaza ambalo wewe hukuliwaza, mtakuwa mmeelewa kwa nini Turing alitaka watu wawili.